Jinsi ya kusema umetapeliwa, umeonewa au umepigwa kwa Kiingereza

Mi nafundisha Kiingereza watu wazima, wengi wanafanya kazi na wageni au wanajiandaa kwenda Uarabuni, na kinachoniuma ni mtu kadhulumiwa kabisa alafu akifika kueleza anabaki na "he is bad man" tu. Kwenye maongezi ya kila siku haya mambo yanasemwa kwa vitenzi vya maneno mawili matatu, so twende navyo taratibu.

Hatua ya 1: Anza na tukio, achana na kukariri listi. Jiulize nimefanywa nini. Umeuziwa simu feki au dereva teksi kakupiga bei ya ajabu, hiyo ni rip off: "The driver ripped me off." Umebambikiwa kesi ni set up, mtu kakuahidi alafu kakuangusha ni let down, bosi anakuandama wewe tu wakati kosa ni la wote, pick on. Anayekudharau, look down on. Umeamini uongo ukaingia mkenge ni fall for, na hapa angalia vizuri, anayetajwa mwanzo ni aliyedanganywa siyo tapeli: "I fell for his story."

Hatua ya 2: Weka me, him, them mahali pake. Hapa ndo wengi wanakwama. Rip off, set up, let down na beat up (kumpiga mtu) zinaachana, me inakaa katikati: "they set me up", usiseme "set up me". Ila pick on, look down on na fall for haziachani hata ufanyeje: "She picks on me." Ukiandika kitenzi kwenye daftari kiandike na me yake hapohapo, mdomo unazoea wenyewe.

Hatua ya 3: Chunga kineno cha mwisho. Ukisema "they beat us" mtu anaweza kuelewa mmefungwa mechi, kipigo cha ngumi na mateke sema "they beat us up". "She picked me up" ni kaja kukuchukua na gari, hakuna uonevu hapo. Take in nayo inachanganya sana: "I was taken in by his promises" ahadi zake zilinidanganya, ila "they took me in" mara nyingi ni walinipokea kwao nikakaa.

Hatua ya 4: Kama humjui aliyekufanyia, geuza sentensi: "I was ripped off", "he was beaten up". Kwenye "I was looked down on" ile on ya mwisho usiikate.

Hatua ya 5: Taja ulichopoteza, hii ni ya muhimu kuliko zote ukiwa polisi au ubalozini. "The agent cheated me out of my salary", yaani mtu yupo na kitu kipo. Na kama ulisainishwa mkataba kwa ujanja: "He tricked me into signing it", baada ya into kitenzi kinachukua -ing, siyo "into sign".