SOMO: Guta la tairi kubwa lisikukatie ekseli porini (soma lote kabla ya kuuliza)

Tangu mvua zianze nimeulizwa swali hili na wenye guta (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) mpaka simu inachoka: "Fundi, nimefunga tairi kubwa na kuongeza springi, sasa guta linakata ekseli. Ninunue ekseli gani ngumu?" Naandika mara moja, hapa, kwa ajili ya wote. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwanza tuelewane. Guta lilipotoka kiwandani, klachi, giaboksi, propela (bomba linalopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu), krosi (kiungo kinachojikunja kwenye kila ncha ya propela), difu (boksi la meno linalogawia tairi za nyuma nguvu) na ekseli vilipangwa kubebana. Ukibadilisha kimoja hujaondoa kuvunjika, umekuhamisha. Funga ekseli ngumu, kesho yatakatika meno ya difu, na difu huifungui chini ya mwembe kwa spana mbili. Mimi nikilazimika kuvunja kitu porini, nataka kiwe krosi, maana krosi ya akiba ninayo kwenye boksi la vifaa na naibadilisha ndani ya saa moja.

Hatua ya 1. Pima tairi kwa futi kamba, kutoka chini hadi juu. Langu la mwanzo lilikuwa sentimita 56, nikafunga la 64. Maana yake, kwa mzigo uleule na msukumo uleule, ekseli inasokotwa moja ya saba zaidi. Nyongeza hiyo ifute kwa kupunguza mzigo.

Hatua ya 2. Pima mzigo. Wenzangu wa asali ndio wanaojidanganya hapa. Ndoo ya lita 20 ya maji ni kilo 20, lakini asali ni nzito kuliko maji, ndoo hiyohiyo inakaribia kilo 28. Ukipakia ndoo 30 kutoka Sikonge ukihesabu kilo 600, umebeba 840.

Hatua ya 3. Oili ya difu iwe ya kopo lililoandikwa GL-5, uzito 85W-140 au 80W-90, ifike usawa wa tundu la kujazia guta likiwa sehemu tambarare.

Hatua ya 4. Zibua kipumulio cha difu. Ni kile kichuma kidogo chenye tundu juu ya difu, ambacho wengi wamekipaka rangi kikaziba. Difu ikipata moto, hewa ya ndani inasukuma oili itoke kwenye sili. Ukiingia kwenye maji ya mbuga ikiwa bado ya moto, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia sili hizohizo. Ukifungulia oili ukaikuta nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Mwaga yote.

Hatua ya 5. Krosi na propela. Hapa someni polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Nilibadilisha krosi usiku, nyumbani, kwa mwanga wa tochi. Nikachomoa propela kwenye splaini (meno marefu yanayoingiliana) ikawa vipande viwili, nikasafisha, nikapaka grisi, nikairudisha ilivyoingia. Iliingia laini kabisa, nikalala nimeridhika. Asubuhi kwenye lami ya kuelekea Sikonge, guta likiwa tupu, kitu kikawa kinavuma chini ya kiti. Nikasema ni tairi. Jioni, nikirudi na mzigo kwenye njia ya vumbi, krosi ya mbele ikakatika, propela ikaanguka mbele ikachimba ardhi na kupasua mkia wa giaboksi. Oili yote ikaishia mchangani. Nililala pale na ndoo zangu kumi na moja, na alfajiri nyuki walikuwa wamezifunika zile ambazo mifuniko ilikuwa imelegea.

Kosa lilikuwa hili. Krosi ikiwa imepinda kidogo haizungushi sawasawa: kwa kila mzunguko mmoja propela inakimbia mara mbili na kupungua mara mbili, hata giaboksi ikizunguka mwendo uleule. Krosi ya pili ndiyo inayofuta mchezo huo, lakini inaufuta tu kama yoki za ncha zote mbili za propela (ile mikono miwili inayoshika krosi) zimelala usawa mmoja. Mimi nilirudisha splaini ikiwa imeruka meno. Badala ya krosi ya pili kufuta, ikaongeza.

Kwa hiyo: KABLA ya kuchomoa, piga mstari wa rangi unaovuka vipande vyote viwili. Ukikuta mtu aliyekutangulia hakuweka alama, laza propela sakafuni na uangalie kwa jicho, yoki ya mbele na ya nyuma zilale pamoja kama viganja viwili juu ya meza. Piga grisi mpaka ile ya zamani itokee kwenye vikombe vyote vinne vya krosi. Kikombe kimoja kisipotoa, sindano za humo (beringi zake nyembamba) zinakauka, na utaona unga mwekundu wa kutu ukingoni mwake. Na chomelea pete ya chuma kwenye chesisi, izunguke propela upande wa mbele, ili siku krosi ikikatika propela ining'inie isichimbe ardhi. Hii pete msiipuuze. Ingenigharimu kipande cha bomba, nikalipa giaboksi.

Hatua ya 6. Springi. Ukiweka kipande cha kuinulia kati ya springi na ekseli, bodi inapanda na krosi zinapinda zaidi. Kama lazima uinue, angalia difu isitazame juu wala chini kuliko zamani: pembe ya krosi ya mbele na ya nyuma zilingane. Kaza tena nati za yu-bolti baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Hatua ya 7. Ukichomoa ekseli, piga mstari wa rangi ulionyooka toka splaini hadi mwisho. Siku nyingine ukiichomoa ukakuta mstari umejipinda kama kamba, ekseli hiyo imeshaanza kwenda. Itoe ingali nzima.

Hatua ya 8. Mguu wako. Ekseli nyingi hazikatwi na mzigo. Tairi linazunguka bure kwenye mchanga, dereva anaongeza moto, halafu linagusa mzizi au kichuguu linashika ghafla. Pale ndipo inalia "pa!" Tairi likianza kuzunguka bure, achia. Shuka, chimba, weka matawi, punguza upepo, pakua hata nusu ya mzigo.

MASWALI

Chapa_Mwendo: Mkuu nimepitia juujuu. Nitajie tu ekseli ngumu inapatikana duka gani.

Mwandishi: Rudi usome aya ya pili.

Chapa_Mwendo: Na iliyokatika nikiichomelea?

Mwandishi: Hapana. Chuma cha ekseli kimepikwa kiwe kigumu, moto wa kuchomelea unakiharibu kandokando ya weldi. Itakatika hapohapo pembeni.

Muha_wa_Manyovu: Shikamoo fundi. Sisi huku Kigoma hatuna mchanga, ni milima. Yangu imekatika kilima kidogo tu, na mzigo ulikuwa nusu. Nimeangalia pale ilipokatika, upande mmoja ni mweusi laini, upande mwingine unang'aa na una chembechembe. Ndiyo nini?

Mwandishi: Marahaba. Umeangalia vizuri, na wengi wanatupa kipande bila kukitazama. Ule weusi laini ni ufa wa zamani, umekuwa ukitembea taratibu kwa safari nyingi hadi ukapata kutu. Panapong'aa ndipo palipobaki siku ile. Kwa hiyo kilima kile hakina kosa. Tafuta weusi umeanzia wapi: mara nyingi ni mzizi wa splaini, au mkwaruzo wa spana ya bomba. Na ekseli ya upande wa pili imepitia safari zilezile, ichomoe leo uikague.

Muha_wa_Manyovu: Kuna alama ya spana ya bomba kweli! Fundi aliishika nayo mwaka jana. Asante sana.

Fundi_Kaliua: Mimi nachomelea meno ya difu ili tairi zote mbili zivute pamoja, miaka sasa. Unatisha watu bure.

Mwandishi: Sijatisha mtu, na kwenye somo sikutaja kuchomelea difu. Lakini kwa kuwa umeileta: difu ya kawaida inagawa nguvu nusu kwa nusu. Ukiichomelea, tairi moja likining'inia shimoni, nguvu yote inapita ekseli moja. Na ukikata kona kwenye lami tairi la nje linataka kwenda mbali zaidi, haliwezi, ekseli zinasokotana. Mchangani tupu itakufaa. Anayetoka Kaliua mpaka Tabora mjini kwa lami asifanye.

Fundi_Kaliua: Wateja wangu hawafiki lami.

Mwandishi: Basi waandikie hivyo kwenye risiti.

Dada_Asali: Kaka, nimepata difu ya gari dogo la mtumba, inaonekana nene kuliko yangu. Nitajuaje kama itafaa kabla sijanunua?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Unene si kitu cha kwanza, hesabu ndiyo ya kwanza. Mwambie muuzaji ashike ekseli ya upande mmoja isizunguke. Wewe zungusha ya upande wa pili mizunguko MIWILI kamili, huku mwenzako akihesabu kichwa cha propela kinazunguka mara ngapi. Jibu hilo ndilo namba ya difu, yaani propela inazunguka mara ngapi ili tairi zote mbili zizunguke mara moja. Fanya hivyohivyo kwenye guta lako, tairi moja likiwa chini na moja kwenye jeki, gia ikiwa huru.

Dada_Asali: Nimehesabu. Yangu tano. Ya mtumba nne.

Mwandishi: Basi achana nayo. Kwa msukumo uleule tairini propela itasokotwa robo zaidi, difu itapona na krosi zitaisha. Na klachi itaungua kila kilima.

Boksi_la_Spana: Nikiongezea kwenye klachi: msiweke oili ya gari kwenye injini ya guta. Klachi inaogelea humohumo, oili nyingi za gari zinaifanya iteleze. Tafuteni kopo lililoandikwa JASO MA.

Mwandishi: Kweli kabisa, nilisahau kuiandika. Dada, na zile ndoo zako zipange mbele ya ekseli ya nyuma, zisirundikane mkiani.

Dada_Asali: Ndoo 22 safari hii, na pete ya propela inachomelewa kesho asubuhi.