Jinsi ya kujenga msamiati wa Kiingereza, wa mtaani na wa darasani, bila kumeza kamusi

Nafundisha tuisheni hapa Morogoro, wengi ni vidato vya chini, na kila Januari naona kitu kilekile. Mtoto kamaliza la saba vizuri, hesabu anajua, sayansi anajua, vyote kasoma kwa Kiswahili, afu anaingia kidato cha kwanza anakuta karibu kila kitabu ni Kiingereza, na ndani ya wiki mbili yule aliyekuwa ananyoosha mkono kila saa anakaa kimya nyuma ya darasa. Akili ni ileile aliyokuja nayo. Kilichopungua ni maneno basi, na maneno yanajengeka, uwe mwanafunzi, uwe mtu mzima unataka kurudi chuo, uwe unafanya kazi na wageni.

Mi mwenyewe nilipita humohumo. Kwenye mtihani mmoja wa historia swali lilianza na "Account for", nikaona account nikajua hayo ni mambo ya benki, nikaliruka. Majibu yake nilikuwa nayo kichwani yote. "Account for" ni toa sababu tu, sababu nilikuwa nazo. Iliniuma sana, na ndo maana mambo haya nayafundisha kwa moyo wote.

Kitu cha kwanza, acha lile daftari lililokunjwa katikati, kushoto Kiingereza kulia Kiswahili, unakariri toka juu mpaka chini. Wote tulifundishwa hivyo najua. Shida ni kwamba neno haliishi peke yake. Chukua "piga" letu. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga chafya, na hakuna anayewaza kwamba kuna mtu anachapwa. Sasa mtoto aliyekariri piga ni "beat" anaandika "I beat a phone to my mother", ukimwambia kakosea haelewi kakosea wapi maana daftari lake linasema hivyo. Mwingereza simu ana "make a call", picha ana "take a photo", meno ni "brush", nguo ni "iron", kura ni "vote", chafya ni "sneeze". Vitendo sita, kwetu kitenzi kimoja.

"Sikia" nayo ni hivyohivyo, sisi tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia baridi, wakati "hear" yao ni ya sikio tu, harufu ni "smell" na njaa wanasema "I am hungry". Halafu kuna "azima", kwetu anayetoa kaazima na anayepokea kaazima, kwao anayetoa ni "lend" anayepokea ni "borrow", ukigeuza umegeuza mwenye deni. Na maneno tuliyoyachukua kwao yakabadilika huku kwetu, hayo uwe nayo makini zaidi kwa sababu unajiona unayajua: hoteli kwetu unaenda kula wali maharage mchana unaondoka, "hotel" yao ni pa kulala, pa kula tu ni "restaurant". Gesti kwetu ni nyumba, "guest" kwao ni mgeni mwenyewe.

Kwahiyo andika neno pamoja na majirani zake. Usiandike "decision", andika "make a decision". Usiandike "depend", andika "depend on". Usiandike "homework", andika "do my homework". Unabeba kifurushi kizima, siku ya kuongea kinatoka kizima.

Sasa tutenganishe, maana watu wanachanganya. Kuna Kiingereza cha kila siku na kuna cha darasani, na havipatikani njia moja. Cha kila siku kimejaa vile vitenzi vya vipandevipande, "put off", "find out", "go up", "run out of". Cha darasani maana ileile kinavaa suti: "postpone", "discover", "increase", "exhaust". "Get" inakuwa "obtain", "enough" inakuwa "sufficient", "ask" inakuwa "inquire". Sababu yake ni ya kihistoria, mwaka 1066 watawala kutoka Normandy, Ufaransa, waliiteka Uingereza, basi kwa muda mrefu wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa na wananchi Kiingereza chao, lugha ikabaki na matabaka mawili, na Kilatini cha kanisa na cha wasomi kikaongezea juu yake. Sisi hilo tunalijua vizuri, tuna "mtu" na tuna "binadamu", tuna "chakula" na tuna "riziki", na kila mmoja wetu anajua lipi anasema lini bila kufundishwa.

Cha kila siku kinaingia kwa sikio. Hapo sina njia ya mkato ya kukupa, sikiliza kila siku hata dakika kumi, BBC wana vile vipindi vya dakika 6 vya wanaojifunza, vinapakulika, unapakua ukiwa na bando unasikiliza hata bando likiisha. Sikiliza kipindi kimoja mara tatu kabla ya kwenda kingine. Na rudia kwa sauti, kwa sababu Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa na hii tabia tunaibeba kwenda nayo kwao, tunasoma "island" na s yake, "debt" na b yake, afu mtu akilitamka sawasawa mbele yako hulitambui kabisa, neno unalo kwenye karatasi lakini sikioni huna. Kila neno jipya lisikie kwanza kabla hujaliandika, kamusi za kwenye simu zina kile kialama cha spika, kibonyeze.

Cha darasani ndo chenye kazi, na hapa naomba unisome taratibu.

Maneno yanayofelisha watu siyo yale magumu. Nimeshalishuhudia hili mara nyingi mno. Angalia sentensi kama hii ya biolojia: "The rate of transpiration decreases as humidity increases." Mtoto akiona hiyo anaogopa "transpiration". Lakini "transpiration" mwalimu kashaifundisha, kachora jani ubaoni, kaandika maana yake, imo kwenye notisi. Anayekwamisha ni "rate". Na "as". Hakuna mwalimu wa biolojia anayesimama kufundisha "rate", wa jiografia naye hasimami, wa kemia naye hasimami, kila mmoja anajua mwenzake kashaieleza, na mtoto anafika kidato cha nne hajui kwamba "rate" ni kasi au kiwango cha kitu kwa muda fulani na kwamba "as" hapo ni "kadiri". Kadiri unyevu wa hewa unavyoongezeka, kasi ya mmea kupoteza maji inapungua. Basi, rahisi hivyo.

Haya maneno ya katikati, yasiyo na somo la kuyalea, kuna mtu aliyahesabu. Mwaka 2000 mtafiti wa New Zealand, Averil Coxhead, alichapisha orodha aliyoitoa kwenye maandishi ya kitaaluma yenye maneno kama milioni 3.5, ya sanaa, biashara, sheria na sayansi, akaacha kando yale maneno 2,000 hivi ya kawaida kabisa, akabaki na familia 570 za maneno (familia ni neno pamoja na ndugu zake) zinazojirudia kwenye fani zote. Hizo 570 ni karibu asilimia 10 ya maneno ya maandishi ya kitaaluma aliyoyapima. Yaani humo, kwenye kila maneno kumi, karibu moja linatoka kwenye orodha yake. Orodha inaitwa Academic Word List, ipo bure intaneti, imegawanywa makundi 10 kuanzia yanayotokea sana. Hesabu yake ni hii: maneno kumi kwa wiki, wiki 57 umemaliza. Ukianza Januari ya kidato cha kwanza, mwanzoni mwa kidato cha pili unayo yote.

Ila usiyachukue kama neno mojamoja, chukua ukoo. Na hapa Mswahili ana faida kubwa ambayo hatuambiwi. Lugha yetu yote ni koo: soma, msomaji, masomo, usomaji, someka, somesha, msomi. Hakuna aliyekukaririsha hizo saba, ulijua mzizi ukajua na matawi. Fanya hivyohivyo kule. Ile "-able" yao ni kama "-ika" yetu, vunjika ni "breakable", someka ni "readable". Ile "-er" ya "teacher" ni m- yetu ya mfundishaji. "Re-" mara nyingi ni kurudia, "un-" na "in-" mara nyingi ni kukanusha, "-tion" inageuza kitendo kuwa jina, "define" inakuwa "definition", "distribute" inakuwa "distribution". Ukikutana na "analyse", ukurasa huohuo andika "analysis", "analyst", "analytical", neno moja limekupa manne.

Halafu kuna yale yanayojifanya unayajua. "Table" ni meza lakini kwenye kitabu ni jedwali. "Mean" kwenye hesabu ni wastani. "Volume" ni ujazo, siyo sauti ya redio. "Solution" kwenye kemia ni mchanganyiko kama maji yenye chumvi iliyoyeyuka, kwenye hesabu ni jibu. "Work" kwenye fizikia mpaka kitu kisogee, unaweza ukausukuma ukuta toka asubuhi mpaka jua linazama ukatoka jasho lote, fizikia ikakwambia hujafanya kazi. Haya yatengee kurasa zake nyuma ya kaunta buku, kila neno maana ya mtaani na maana ya somo.

Na vitenzi vya mtihani, tafadhali, vijue kabla ya kitu kingine chochote. "Define" toa maana. "Outline" taja hoja kuu kwa kifupi. "Describe" eleza kikoje. "Explain" eleza kwa nini au kivipi. "Distinguish between" onyesha tofauti. "Justify" thibitisha kwa sababu. "To what extent" ni kwa kiasi gani, hapo unatakiwa useme pande zote mbili. Pamoja na viunganishi: "however", "therefore", "whereas", "although", "unless", "despite". Mtoto asiyejua "unless" ni "isipokuwa kama" anaweza kusoma sheria nzima ya sayansi akaielewa kinyume.

Kutunza maneno sasa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus mwaka 1885 alionyesha, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau haraka mwanzoni, kingi kinatoka siku hiyohiyo, na kurudia kwa kupisha siku ndo dawa. Baadaye sana Sebastian Leitner, miaka ya 1970, akaeneza mtindo wa kadi na maboksi, mimi natumia bahasha. Nunua manila moja, kata vikadi vidogo kama kadi ya karata. Upande mmoja andika sentensi yenye pengo, upande wa pili neno na ukoo wake. Bahasha tatu: ya kwanza unaipitia kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu Jumapili. Ukipatia kadi inapanda bahasha, ukikosea inarudi ya kwanza hata kama ilishafika ya tatu, usijionee huruma hapo. Mwenye simu janja ipo programu ya kadi inaitwa Anki, ya Android ni bure, inakupangia siku yenyewe. Lakini kwa wanaoanza mimi bado napenda manila, kwa sababu wakati unaandika kwa mkono tayari unajifunza, na simu mzazi akiichukua somo limeishia hapo.

Sentensi ya kwenye kadi usikopi ya kitabu. Andika ya maisha yako. Mwanafunzi wangu mmoja mama yake anauza nyanya sokoni, nikampa neno "vary", akaandika "The price of tomatoes varies from month to month because it depends on the rain." Huyo hata baada ya mwezi ukimwamsha usiku anakupa "vary", na "depend on" kaibeba bure juu yake.

Kusoma pia, ila chagua kinachokutosha. Hesabu maneno 100 ya ukurasa wowote, usiyoyajua yakizidi matano rudisha hicho kitabu utakirudia baadaye, chukua chepesi zaidi, hata kama ni cha watoto haina shida. Neno usilolijua likisie kwanza kwa sentensi ilipo, liwekee alama ya penseli, endelea mbele, kamusi ifungue ukimaliza ukurasa. Ukikimbilia kamusi kila mstari utachoka na stori itakupotea.

Wiki ya kwanza wanafunzi wangu nawapa haya kumi, yote ni ya kundi la kwanza la ile orodha: analyse, assume, available, benefit, factor, indicate, occur, require, similar, vary. Mawili kila siku Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi hakuna jipya unapitia tu, Jumapili mtu mwingine akushikie kadi akuulize, dada, rafiki, hata mdogo wako wa la tano, anayejua kusoma tu anatosha.