Uyoga mgumu wa mitini: ninavyoutambua na kuuvuna Kakamega

Wengi wakisikia uyoga huwaza ule laini wa kichuguuni, unaochumwa alfajiri na kuliwa jioni kwa ugali. Huu hautafuniki. Ni mgumu kama ubao, umejibandika kwenye shina mfano wa rafu, na watu huuchemsha wakanywa maji yake. Wataalamu huuita Ganoderma.

1. Omba ruhusa. Msitu wa Kakamega una wenyewe: Isecheno iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, Buyangu chini ya Shirika la Wanyamapori. Usiingie na panga kana kwamba ni kwa shangazi yako. Mimi huvuna mashambani huku Shinyalu, kwenye visiki na miti mizee. Ukiuona chini ya shina la mti uliosimama, mwambie mwenye shamba: ndani mnaoza, na upepo unaweza kuuangusha.

2. Tazama juu. Kuna aina yenye mgongo wa kahawia uliofifia, na nyingine inayong'aa kama kiti kilichopakwa vanishi. Ukingo mweupe maana yake bado unakua. Mara nyingi utakuta vumbi la rangi ya kakao mgongoni. Mara ya kwanza nilidhani ni la barabarani, nikalipangusa, kumbe ni spora zake wenyewe, yaani chembe zake za uzazi, zimedondoka chini na kupeperushwa hadi juu.

3. Sasa piga magoti uchungulie chini. Hapa ndipo penye jibu. Hakuna zile kurasa kama za kitabu unazoziona kwenye uyoga wa kichuguuni; kuna uso mweupe laini wenye vitundu vidogo mno, vinavyoonekana ukikaza macho. Kwaruza kwa kijiti. Kwa ule usiong'aa, mstari wa kahawia hutokea papo hapo. Binti yangu huandika jina lake pale, na ukikauka jina linabaki. Ukikuta chini kote ni kahawia, basi umezeeka au ni aina nyingine. Uache.

4. Ukiwa na shaka, laza kipande kibichi juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, upande wa vitundu ukiangalia chini. Asubuhi utafute unga wa kahawia. Ukiwa mweupe, sio wenyewe.

5. Kata kwa msumeno mdogo, kisha uupasue vipande vya nusu sentimita siku hiyo hiyo. Ukikauka mzima, hata panga linadunda. Mwaka jana niliuacha mzima kwenye gunia nikaenda matanga. Niliporudi nilikuta matundu, unga, na wadudu weusi wameshiba. Anika juu ya wavu, si juu ya mabati yaliyolowa, na uingize ndani kabla ya mvua ya alasiri, ambayo huku haikosi. Kikivunjwa kikalia "ka!", kimekauka.

6. Chemsha konzi moja kwa lita ya maji, moto mdogo, saa moja au zaidi. Ni chungu kuliko mwarobaini, au tuseme vinakaribiana. Wanaoutangaza sokoni kuwa unaponya sukari na saratani, mimi simo. Mjamzito, anayesubiri upasuaji au anayetumia dawa za kuyeyusha damu amwone daktari kwanza. Vipande hivyo huchemka tena mara ya pili; ya tatu ni maji tu.