Kupima floridi ya maji kwa elektrodi, namba zisikuchezee

Kijana tuliyemwachia maabara ndogo huku Arumeru alinipigia simu: kisima kimoja asubuhi kinasoma miligramu 4 kwa lita, mchana 5 na ushee. Maji yale yale! Nikaenda. Tulifanya hivi.

1. Chukua maji kwa chupa ya plastiki, uisuuze kwanza kwa maji hayo hayo. Floridi na kioo haviivi chungu kimoja.

2. Andaa standadi mbili, yaani maji ya kulinganishia yenye floridi ya kiasi kinachojulikana: miligramu 1 na 10 kwa lita.

3. Changanya na TISAB, bafa yaani kimiminika cha kutuliza pH, nusu kwa nusu, sampuli na standadi zote. Maji yetu ya chini ya Meru yana magadi, na pH ikiwa juu haidroksidi hujifanya floridi mbele ya elektrodi, kile kijiti kinachotumbukizwa majini na kusoma floridi kwa milivolti. Ikishuka mno, floridi inajificha kwenye asidi. TISAB huishikilia pH kati ya 5 na 5.5, tena huibandua floridi iliyong'ang'aniwa na aluminiamu.

4. Joto. Hapa ndipo kijana alipokwama, na mimi miaka ile nilipoteza siku nzima nikilaumu elektrodi. Standadi zake zilitoka kwenye friji moja kwa moja, sampuli ilitoka juani. Zipange zote mezani mpaka ziwe na joto moja. Usiguse kwa kidole ukaridhika, tumia kipimajoto. Kikorogeo cha sumaku nacho hupata moto kikizunguka muda mrefu, kwa hiyo mimi huweka kipande cha boksi chini ya bika, kikombe cha maabara. Koroga polepole, kasi ile ile kwa kila bika. Namba ikiendelea kuyumba, inua elektrodi uchungulie chini: kiputo cha hewa kidogo kama punje ya mtama kikikaa kwenye fuwele iliyo nchani mwake kinatosha kukuharibia kazi. Igonge taratibu kwa ukucha. Na tundu la kujazia kimiminika cha elektrodi umelifungua? Watu husahau.

5. Soma standadi. Kutoka 1 kwenda 10 namba ishuke milivolti 54 hadi 60. Pungufu ya hapo, usipime sampuli, rudi hatua ya 4.

Vile vipimo vya rangi, vinavyopima floridi kwa kubadilika rangi, sivipendi kwa maji ya huku. Floridi ikizidi kidogo tu lazima uzimue, na kila kuzimua ni kosa jipya.

Kisima kilisoma 4.3, na jioni 4.3 tena. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5.