Jinsi ya kuomba Pell Grant kwa kijana mwenye ulemavu wa akili anayekwenda chuo Marekani

Nimekaa mezani na wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani, wengine waliotokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wengine ya Kakuma, wakiwa na kijana mwenye ulemavu wa akili anayemaliza haiskuli. Karibu wote walikwisha kuambiwa na mtu fulani kwamba asiye na diploma hapati hela ya serikali ya kusomea chuo. Kwa kijana wa namna hii si kweli, na haijawa kweli tangu sheria ya elimu ya juu iliyotiwa saini Agosti 2008.

Sheria hiyo inamruhusu mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili kupata misaada mitatu ya serikali kuu: Pell Grant (ruzuku ya masomo kwa familia za kipato kidogo), ruzuku ya nyongeza iitwayo FSEOG, na kazi za chuoni za Federal Work-Study. Halazimiki kuwa na diploma wala GED (cheti kinacholingana na diploma ya haiskuli), na halazimiki kusomea shahada. Mikopo ya serikali haimo. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi ya mkopo na kusema ndio msaada wa mwanao, usitie saini.

Kwa mwaka wa masomo 2025–26 Pell inafika hadi dola 7,395, na hupungua kwa anayesoma saa chache au ambaye familia yake ina kipato kikubwa zaidi. FSEOG ni kati ya dola 100 na 4,000 kwa mwaka, kutegemea chuo kina fungu kiasi gani.

Anza na karatasi za haiskuli

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, na ndiyo maana ninapaweka mbele ya fomu yenyewe ya maombi. Chuo hakiwezi kumpa kijana fedha hizi kabla hakijapata kumbukumbu kutoka wilaya ya shule zinazoonyesha kwamba anapata, au aliwahi kustahili kupata, elimu maalumu chini ya IDEA, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu. Kwa lugha ya kawaida, ile IEP yake, yaani mpango wake binafsi wa elimu maalumu. Kama IEP inataja usonji au kuchelewa kuongea bila kutaja ulemavu wa akili, haitoshi peke yake. Lazima iambatane na tathmini ya mwanasaikolojia, au kumbukumbu ya ofisi ya serikali kama Social Security (ofisi ya mafao) au ile ya urekebishaji wa kikazi (vocational rehabilitation) ya jimbo, inayosema wazi kwamba ana ulemavu wa akili.

Kwa hiyo kijana akiwa bado shuleni, omba kwa maandishi nakala ya IEP ya mwisho na ripoti nzima ya tathmini ya kisaikolojia. Muhtasari wa ukurasa mmoja usiukubali. Kwenye kikao cha IEP shule inawajibika kuhakikisha unaelewa kinachosemwa, na hiyo ni pamoja na kukuletea mkalimani. Usikubali mtoto mdogo wa nyumbani awe ndiye anayetafsiri habari za kaka yake.

Kuna jambo jingine, na hili linawagusa hasa waliofika wakiwa wakubwa. Kijana aliyeingia Marekani akiwa na miaka 17 au 18, ambaye hakuwahi kupimwa kambini, bado anaweza kuandikishwa shule ya umma na kufanyiwa tathmini, maana majimbo mengi hutoa elimu maalumu hadi umri wa miaka 21. Lakini akipokea diploma ya kawaida, haki hiyo inakoma siku hiyo hiyo. Nimeona shule ikiharakisha kumpa kijana diploma, familia ikafanya sherehe, halafu karatasi iliyohitajika chuoni ikawa haipo. Kabla ya kukubali tarehe ya kuhitimu, uliza kwanza kama ulemavu wa akili umeandikwa popote kwenye faili lake.

Tafuta programu iliyoidhinishwa

Msaada huu haufuati kijana kwenye chuo chochote. Lazima awe amekubaliwa katika programu ya chuo ya wanafunzi wenye ulemavu wa akili, iliyoidhinishwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, inayojulikana kwa herufi CTP. Orodha ipo kwenye tovuti ya StudentAid.gov, na kituo cha Think College kilichoko Chuo Kikuu cha Massachusetts, Boston, kina ukurasa wa kutafutia programu kwa jimbo. Utakutana na majina kama InclusiveU ya Syracuse, UI REACH ya Iowa na Next Steps ya Vanderbilt huko Nashville. Hakikisha kila mwaka kwamba programu unayoitaka bado imo kwenye orodha ya CTP, kwa sababu zipo programu nzuri ambazo hazijaidhinishwa, na huko Pell haitalipa asiye na diploma.

Kuomba nafasi kwenye programu ni kazi tofauti na kuomba fedha, na mara nyingi hutangulia. Wanataka barua za walimu, zile karatasi za IEP, na mahojiano na kijana mwenyewe. Mwacheni ajibu. Hata akichukua muda, mwacheni. Wanaomhoji wanatafuta kujua yeye anataka nini, na mzazi anayejibu kila swali anamfungia mlango bila kukusudia.

Ujazaji wa FAFSA

FAFSA, ndiyo fomu ya kuombea misaada ya serikali kuu, ni bure. Anayekudai hela ya kuijaza, mwache.

Fomu hufunguliwa kwa kawaida tarehe 1 Oktoba kwa mwaka wa masomo unaofuata. Mwisho wa serikali kuu ni 30 Juni mwaka huo wa masomo unapoisha, lakini majimbo na vyuo vina tarehe zao za mapema zaidi, basi jazeni mapema.

Kwanza kijana na mzazi kila mmoja afungue akaunti yake ya StudentAid.gov. Sheria za tovuti hazimruhusu mtu kumfungulia mwingine, hata mzazi kwa mwanawe. Kaa pembeni yake, msomee, mwoneshe pa kubonyeza, lakini akaunti iwe yake, na barua pepe iwe yake. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti pia. Majina na tarehe ya kuzaliwa yafanane na yaliyoko Social Security, herufi kwa herufi. Majina yetu mengi yaligeuzwa kwenye karatasi za safari, la ukoo likawekwa mbele, na waliopitia kambini wengi wameandikiwa 1 Januari. Andika kama ilivyoandikwa huko, hata kama mama anaikumbuka siku halisi. Kama kuna kosa, lirekebishwe kwanza ofisi ya Social Security.

Kijana awe raia, au mwenye green card, au aliyeingia kama mkimbizi, au aliyekwisha kupewa hifadhi. Ambaye kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa hastahili bado.

Ndani ya fomu, maswali haya ndiyo huleta shida:

Kuhusu kumaliza haiskuli, asiye na diploma wala GED achague jibu la kwamba hana chochote kati ya hivyo. Asidanganye kwa hofu.

Kuhusu ulezi wa kisheria, jibu ni hapana kama mahakama imekuteua wewe mzazi kuwa mlezi wa mwanao mtu mzima. Fomu haiwahesabu wazazi kuwa walezi, hata kwa amri ya mahakama. Ukijibu ndiyo, fomu itamchukulia kijana kuwa anajitegemea, na baadaye chuo kitaanza kuuliza.

Kuhusu kodi, kila anayetajwa kwenye fomu akubali taarifa zake zichukuliwe kutoka IRS, idara ya kodi, hata kama hakuwasilisha kodi. Mmoja akikataa, msaada wote unazuiwa. Kwa mwaka wa masomo 2026–27, kodi inayoangaliwa ni ya 2024.

Kuhusu Medicaid (bima ya afya ya serikali), SNAP (msaada wa chakula) na SSI (posho ya Social Security kwa wenye ulemavu na kipato kidogo), sema ukweli kwamba mnapokea. Majibu hayo yanaweza kuwaondolea maswali ya akiba na mali.

Sasa angalia: hakuna mahali kwenye FAFSA panapouliza kuhusu ulemavu. Ukishatuma, kompyuta ya serikali haijui kwamba mwanao ni tofauti na mwanafunzi mwingine asiye na diploma. Anayejua ni chuo.

Ofisi ya misaada ya chuo

Kwa hiyo nendeni wenyewe, au mpige simu, muwaambie ofisi ya misaada ya kifedha kwamba kijana yuko kwenye programu ya CTP, na mhakikishe karatasi za ulemavu zimewafikia wao pia, si ofisi ya programu peke yake. Ofisi hizi mbili mara nyingi hazizungumzi. Mwambieni kijana atie saini kibali cha mzazi kupewa taarifa zake, maana akishaingia chuo haki ya siri ya rekodi ni yake, na bila kibali hicho hawatakujibu.

Fedha huingia chuoni kwanza na kulipa ada. Ikibaki, hupewa mwanafunzi ndani ya siku 14. Akiacha masomo mapema muhulani, sehemu ya fedha inaweza kudaiwa irudishwe, basi akilemewa zungumzeni na programu kabla hajaondoka.

Na ile hofu ya SSI, ambayo naisikia kila nyumba: Pell, FSEOG na mshahara wa Work-Study havihesabiwi kuwa kipato wala akiba kwenye SSI. Tunzeni barua ya msaada kutoka chuoni, na mkiitwa na Social Security, nendeni nayo.

Pell mara nyingi haifikii ada ya programu hizi. Ofisi ya urekebishaji wa kikazi ya jimbo inaweza kulipa sehemu, na Tennessee wana ufadhili wao wa jimbo uitwao STEP UP kwa wanafunzi hawa. Ulizeni kwenu kuna nini, kabla ya Oktoba, maana FAFSA nayo hujazwa upya kila mwaka.