Andalio la somo la bure mtandaoni: namna ya kulichagua na kulirekebisha

Anza na leseni, kabla hata hujasoma somo lenyewe. Kitu kupatikana bure si ruhusa ya kukibadilisha. Kwenye majukwaa ya zana huria za kufundishia kama OER Commons utakuta alama za Creative Commons, yaani leseni zinazoeleza kazi inaruhusiwa kutumikaje. BY inadai umtaje mwandishi. NC inakataza biashara. SA inataka toleo lako litolewe kwa leseni ileile. ND ndiyo ya kukwepa: huruhusiwi kusambaza ulichobadilisha, hata kama umetafsiri tu.

Unapotafuta, andika stadi kamili. "Sehemu" italeta lundo. "Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti" italeta unachohitaji. Chuja kwa umri wa wanafunzi, maana darasa la nne la nchi moja si lazima lilingane na la nyingine. Hadithi za kusoma, zikiwemo za Kiswahili, zimo kwenye tovuti za African Storybook na StoryWeaver.

Ukishapata andalio, fungua majibu kwanza. Fanya maswali yote mwenyewe kwa kalamu, kwa sababu makosa hupenda kujificha humo, na nyota tano za wasomaji hazithibitishi kuwa kuna aliyeyakokotoa. Kisha pima muda. Somo la dakika 60 haliingii kwenye 40 kwa kuharakisha maelezo. Punguza maswali: kati ya 12 bakiza 5, mawili mepesi, mawili ya wastani, moja gumu. Muda wa wanafunzi kujaribu wenyewe usiuguse.

Pakua faili la docx au odt. PDF ni shida kuhariri. Chapisha ukurasa mmoja wa majaribio. Grafu yenye mstari mwekundu na wa kijani, ikitoka kwa wino mweusi, mistari yote huwa kijivu kilekile na swali linakosa maana. Fanya mmoja uwe wa nukta.

Viungo vya video hufa, basi usitegemee kubofya darasani. Majaribio ya sayansi ya PhET, yanayoigizwa kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yale ya HTML5 hupakuliwa kama faili moja na kufunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Yajaribu kwenye kompyuta utakayotumia, intaneti ikiwa imezimwa.

Ukirudisha toleo lako mtandaoni, ondoa majina na picha za wanafunzi, taja umri, muda na vifaa, na mwandishi wa awali aonekane ukurasa wa kwanza pamoja na kiungo cha kazi yake.