Unamuuguza mwenye homa ya ini? Pata chanjo yako bila kupoteza asubuhi tano

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa, Mbeya, na tangu mwaka jana namuuguza mzee wangu nyumbani. Alipokutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, daktari aliniuliza swali moja tu: "Nani anamnyoa?" Nikasema mimi. Na nikimaliza kwake najinyoa na mimi, wembe ule ule, kuokoa mia mbili. Akatikisa kichwa. "Kapime. Ukiwa huna, uchanjwe."

Kwa mdomo ni rahisi. Dozi ya kwanza tu ilinila asubuhi tano, na anayeuguza asubuhi zake anaziazima kwa watu.

Kwanza ondoa hofu. Kula naye sahani moja, kumshika mkono, kumfulia mashuka ya kawaida, hakuna shida. Kesi ni damu: wembe, mswaki, kikata kucha, kidonda kwa kidonda. Kama ni mume au mke wako, ongeza na mambo ya chumbani. Watoto wako angalia kadi zao za kliniki. Chanjo hii imo ndani ya ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Nchini kwetu ilianza kutolewa kwa watoto mwaka 2002, kwa hiyo sisi tuliozaliwa kabla ya hapo tulipitwa.

Sasa safari yenyewe. Usianzie mapokezi. Mimi nilianzia huko, mwezi wa saba, na baridi la Mbeya la Julai halihitaji maelezo. Niliamka saa kumi na moja, nikampikia mzee uji nikautia kwenye chupa ya chai, ufunguo nikamwachia mama wa nyumba ya pili. Saa tatu ndiyo nafika dirishani, naambiwa chanjo zote ziko kliniki ya mama na mtoto. Huko benchi zima ni kina mama na vichanga, mwanaume peke yangu na kofia yangu ya sufu. Nesi akapita akikusanya kadi. "Baba, mtoto yuko wapi?" Nikamjibu, "Sista, mtoto ni mimi." Benchi likaangua kicheko, naye akacheka, akaniita pembeni akanieleza mengi ambayo dirishani hawakuyajua.

Kwa hiyo fanya hivi: nenda kwa nesi wa chanjo moja kwa moja, saa nane mchana hivi, watoto wakishapungua. Hujaenda kuchanjwa, umeenda kuuliza. Ya watu wazima ipo kwenye friji leo? Kipimo kinafanyika hapa au maabara ya nje? Dozi zote tatu ni shilingi ngapi, na ninalipia wapi? Mnachanja siku gani? Omba na namba ya simu ya kituo, ili siku yenyewe upige kabla hujapanda bajaji.

Kipimo ni lazima kitangulie. Mimi asubuhi ya pili nilirudishwa kwa sababu sikuwa na majibu. Ukikutwa na virusi, chanjo haitakusaidia tena. Utaonana na daktari aangalie hali ya ini. Usikikwepe kipimo, wengi wanakaa na virusi miaka bila dalili yoyote. Asubuhi ya tatu nilipima vizuri, ila mtandao wa kutolea namba ya malipo ulikuwa chini mpaka saa saba, na mzee alikuwa na miadi ya kubadilishiwa dawa. Tangu hapo naomba namba ya malipo siku moja kabla.

Asubuhi ya nne ndiyo iliyoniuma. "Subiri watu watimie, kichupa hakifunguliwi kwa mtu mmoja." Hawakutimia. Nilikwenda kujielimisha, na wewe ujue: chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu ya watoto ni unga, ikishachanganywa haitumiki zaidi ya muda wa saa sita, inayobaki inamwagwa. Ndiyo maana zina siku zake. Ya homa ya ini ni ya maji. Kichupa cha dozi nyingi kikifunguliwa na kutunzwa vizuri kwenye friji kinaweza kutumika hadi siku 28. Asubuhi ya tano sikumfundisha mtu kazi. Niliuliza tu, "Dada yangu, kikifunguliwa leo, kesho si kinaendelea?" Akaenda kumuuliza mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, akarudi na trei.

Vaa nguo inayopanda mkono, maana kwa mtu mzima huchomwa begani, si takoni. Mimi nilikuwa na sweta mbili na koti. Foleni ikanisubiri nikijimenya kama kitunguu.

Dozi ya pili ni baada ya mwezi, ya tatu miezi sita tangu ya kwanza. Piga picha kadi siku hiyo hiyo. Ya pili nilichelewa wiki tatu, mzee alikuwa amelazwa, nikaambiwa nianze upya na kulipa upya. Hapana. Dozi ikichelewa unaendelea ulipoishia. Ukikwama hapo, omba kwa upole kuonana na mfawidhi.

Dozi moja haitoshi, kwa hiyo nyumbani endelea kujihadhari. Kikopo cha mzee nimekifunga uzi mwekundu wa cherehani: humo kuna wembe wake, mswaki wake na kikata kucha chake. Changu kina uzi wa bluu.

Na mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya tatu, mfuko ukiruhusu, omba kipimo cha kuona kama kinga imeshika. Changu ni Alhamisi ijayo. Nimeshapiga simu kituoni, namba ya malipo ninayo, na mama wa nyumba ya pili anajua ufunguo unakuja.